Ringi ya Pili

Josia alirudi na gari lake kwa mara ya tatu Jumatatu asubuhi, na kabla hajazima injini nilikuwa nimeshajua. Moshi wa bluu ulikuwa unamfuata nyuma, mwembamba, unanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Nilikuwa nimekaa juu ya tairi bovu, chai mkononi. Sikuinuka. Nina miaka sitini na moja, na mwili huu umelala chini ya magari ya watu zaidi kuliko ulivyolala kitandani.

"Mwangaluka, mzee."

"Mwangaluka. Safari hii imekunywa ngapi?"

"Lita nzima. Lamadi mpaka hapa, kwenda na kurudi mara mbili tu! Mzee Ngassa, hili gari linakula oili kuliko petroli."

Josia anauza dagaa na sangara Lamadi, na kila alichonacho amekipenda kwa kiasi isipokuwa gari. Ni Mark II nyeupe, silinda sita, lina turbo, limeshushwa chini mpaka ukiliona kwenye tuta unalihurumia. Ni gari la kukimbia, na yeye hulikimbiza kweli. Mwezi wa pili lilichemka akiwa karibu na Dutwa, akaendelea kukanyaga kwa sababu alikuwa anashindana na mtu, injini ikafa. Tukaishusha hapa gereji kwangu Bariadi. Bloku ikapelekwa Mwanza kuchongwa, zikaja pistoni mpya, ringi mpya, gasketi mpya, kila kitu kipya. Nikaifunga. Ikawaka kwa funguo moja, ikanguruma vizuri, Josia akanikumbatia na mafuta yangu yote nguoni. Baada ya wiki mbili moshi ukaanza.

Sasa niseme jinsi tunavyofanya kazi, maana bila hilo mambo mengine hayataeleweka. Gereji kwangu, kufungua injini anafungua yeyote. Kufunga nafunga mimi. Ndivyo alivyonifundisha aliyenifundisha, kwenye malori ya pamba, miaka hiyo: mkubwa akishika pistoni, wengine wanashika taa na wanafunga midomo. Na fundi ninayefanya naye kazi, Amoni, amemuoa binti yangu Winnie. Ni mkwe wangu. Kwetu Wasukuma, sisi tulioshikilia ya wazee, mkwe hamkodolei macho baba wa mke wake, hakai naye bega kwa bega, na kumkosoa ndiyo kabisa haipo. Kwa hiyo tunafanya kazi yeye upande ule wa injini, mimi upande huu, na maneno yanapitia kwa dada yangu Rhoda, anayeuza vipuri pale mbele.

"Rhoda, mwambie mkwe anipe spana ya kumi na nne."

"Amoni, baba yako anataka kumi na nne."

Amoni amesimama hatua mbili kutoka kwangu, amesikia kila neno, lakini anasubiri Rhoda amalize. Wateja hucheka. Wacheke. Miaka minne tumefanya hivyo na hatujagombana hata siku moja.

Turudi kwenye oili. Oili ya injini haina njia nyingi za kupotea. Ama inavuja chini, na gari la Josia lilikuwa kavu, ama inaungua. Ikiungua, inaingia kwa juu kupitia sili za valvu, au inapitia kwenye turbo, au inapanda kutoka chini kupitia ringi za pistoni. Mara ya kwanza aliporudi, moshi ulikuwa mwingi asubuhi gari likiwashwa, nikasema ni sili za valvu. Tukabadilisha zote ishirini na nne. Mgongo wangu unazikumbuka moja moja. Mara ya pili nikafungua bomba la turbo, nikapitisha kidole, kikatoka na oili. Nikasema ndiyo hiyo. Tukafunga turbo nyingine. Na sasa alikuwa amesimama mbele yangu na moshi uleule.

"Tupime mgandamizo," nikasema.

Tukatoa plagi zote sita. Zilikuwa nyeusi, zina ukoko wa oili, zote sita sawasawa, na hilo lilinikera kwa sababu ugonjwa wa kawaida huchagua silinda moja au mbili. Nikafunga kipimo kwenye silinda ya kwanza, Josia akazungusha injini kwa funguo.

"Rhoda, mwambie mkwe asome."

Amoni alisoma zote, moja baada ya nyingine. Zilikuwa nzuri. Zilikuwa nzuri kuliko za gari jipya.

Kwa nini sikusoma mwenyewe? Hapo ndipo penyewe. Nina mtoto wa jicho, macho yote mawili, la kulia ndilo baya zaidi. Mwaka wa pili sasa. Naona mtu, naona gari, naona tuta barabarani nikiwa nimelikaribia sana. Lakini namba ndogo na herufi ndogo zimenitoroka. Sikumwambia mtu. Nilinunua miwani ya mnadani, haikusaidia, nikaitupa. Meseji za simu nilikuwa nampa Rhoda anisomee, nasema mikono ina grisi. Spana nazijua kwa kushika, nati nazijua kwa kushika, nikajipa moyo kwamba fundi wa kweli anaona kwa vidole. Mficha maradhi kifo humuumbua, nimeisikia methali hiyo maisha yangu yote, na nilidhani inawahusu watu wenye kikohozi.

"Mgandamizo uko vizuri, maana yake ringi ni nzima," nikamwambia Josia. Nilizivisha mimi, kwa hiyo nilifurahi kulisema. "Basi tatizo ni kuta za silinda. Bloku ikitoka kuchongwa lazima isuguliwe kwa jiwe, zibaki alama ndogondogo za kushika oili kidogo. Zisiposuguliwa vizuri, oili inapanda."

"Nani alisugua?"

Sikutaka kusema. Nasema ukweli, sikutaka. Lakini nilikuwa nimechoka, jua lilishapanda, na jibu lilikuwa limesimama upande wa pili wa injini.

"Alisugua Amoni."

Amoni alikuwa anafuta plagi kwa kitambaa. Aliendelea kufuta. Josia akamtazama kwa muda mrefu, kisha akanigeukia.

"Mzee, nakuheshimu. Fungueni tena hii injini, nakuja Ijumaa. Ijumaa nataka kuoneshwa kosa kwa macho yangu, na niambiwe ni la nani. Huyo mtu hatagusa gari langu tena, na magari yote ya Lamadi yanayokuja hapa kwa ajili ya jina langu, hatayagusa. Nitasema kila mahali. Sina ugomvi, ila nitasema."

Akaliacha gari, akapanda bodaboda akaenda zake. Na mimi nilijua kwamba nusu ya kazi zetu zinatoka Lamadi. Fundi kama Amoni, mwenye umri wa miaka thelathini na minne, akitangazwa kwamba anaua injini, afadhali arudi kulima pamba. Winnie ana mimba ya pili. Niliyafikiria hayo yote, nikamaliza chai iliyokuwa imeshapoa.

Jumanne na Jumatano tulifungua. Sitasimulia yote, anayejua anajua: maji, mabomba, nyaya, hedi ya silinda yenye valvu zake zinazochosha, sampu ya oili ya chini yenye boliti zilizofichwa na mtu asiyetupenda mafundi. Nilikuwa napumzika kila baada ya nusu saa. Amoni alifanya sehemu kubwa. Hakusema neno kuhusu Jumatatu, si kwa Rhoda wala kwa mtu mwingine, na chakula cha mchana alikula peke yake nyuma ya gari kama kawaida. Lakini Rhoda alikuwa haniongeleshi. Nikiomba spana anamwambia Amoni, kisha ananipa mgongo.

Jumatano saa tisa bloku ilikuwa wazi. Nikaingiza vidole kwenye silinda ya kwanza.

Alama zilikuwepo. Nilizisikia kwa ncha za vidole, mkwaruzo mwembamba unaopishana, umesambaa sawasawa kutoka juu mpaka chini. Nikaenda silinda ya pili. Ya tatu. Zote sita. Kazi safi. Mimi mwenyewe nikiwa na umri wake nisingesugua vile. Amoni alikuwa amesimama upande wake ameinamisha kichwa, anasubiri hukumu, na mimi sikumpa. Nikasema mgongo unauma, nikamwomba Rhoda amwambie atoe pistoni aziweke juu ya meza, kisha aende nyumbani mapema.

Alipoondoka nikabaki na meza ile.

Pistoni ina ringi tatu. Ya juu inazuia moto, ya chini kabisa inakusanya oili, na ya katikati, ringi ya pili, inasaidia kote kuwili: pistoni ikishuka, inakwangua oili kutoka ukutani na kuirudisha chini. Ina kijingo chembamba, yaani ukingo uliokatwa kama ngazi ndogo, upande mmoja. Kwenye malori niliyofunzwa, ringi zenye kijingo tulizivisha kijingo kikitazama juu. Ndivyo vidole vyangu vinavyojua. Nikashika pistoni ya kwanza, nikapitisha kucha kwenye ringi ya pili. Kijingo kilikuwa juu, kama nilivyokiweka. Vizuri, nikasema. Halafu nikakumbuka kwamba hizi si ringi za lori. Ringi za siku hizi zina herufi ndogo karibu na mdomo, pale ringi ilipokatwa, na herufi ndiyo inayotakiwa kutazama juu, kijingo kikae popote kinapotaka.

"Rhoda," nikaita. "Njoo na tochi."

Akaja, amenuna.

"Hii ringi ya katikati. Kuna herufi?"

Akainama, akazungusha pistoni. "Huku juu hakuna."

"Chini je?"

Akaisukuma ringi kidogo kwa kucha, akachungulia na tochi. "Ipo. Imetazama chini."

"Angalia ya pili."

Aliangalia zote sita. Zote sita zilitazama chini. Ringi ikigeuzwa hivyo inazuia moto kama kawaida, ndiyo maana mgandamizo ulikuwa mzuri, ila badala ya kukwangua oili na kuishusha, inaipandisha. Kila pistoni inapopanda, inanyanyua tone. Mara sita, mara elfu kadhaa kwa dakika, kutoka Lamadi mpaka Bariadi. Tulibadilisha sili ishirini na nne na turbo nzima wakati ugonjwa ulikuwa umetoka kwenye vidole vyangu.

Nikakaa kwenye tairi. Rhoda akazima tochi.

"Kaka, unajua kwamba Amoni alijua?"

"Alijua nini?"

"Siku ile unafunga. Ile karatasi yenye picha, iliyokuja na ringi. Aliiweka mbele yako mara tatu. Mara ya tatu uliweka kikombe chako juu yake."

Nilikumbuka. Nilikumbuka pia kwamba alisogeza taa karibu na mikono yangu mpaka nikahisi joto lake, nikafoka kwamba ananichoma. Na mwishoni alimwambia Rhoda, "Shangazi, mwombe baba apumzike, mimi nitamalizia." Na mimi nikajibu kwa sauti, wateja wakisikia: "Mwambie mkwe sijazeeka!" Alikuwa amefanya kila ambacho mkwe anaweza kufanya bila kufungua mdomo wake na kusema, baba, umekosea. Miezi mitatu alikuwa analijua jibu. Alibadilisha nami sili zote zile akijua. Sikujua nimkasirikie au nilie, nikafanya yote mawili, kimyakimya, uso umeelekea ukutani.

"Na macho?" nikamuuliza Rhoda.

"Macho tunajua wote. Hata Winnie anajua. Nyani haoni kundule, kaka, lakini wenzake wanaliona."

Sitajisifu kwamba usiku ule niliamua kuwa mtu mwema. Alhamisi nzima nilikuwa natafuta mlango wa kutokea. Ningeweza kusema ringi zilikuwa feki, nani angebisha? Feki zimejaa. Ningeweza kuzigeuza mwenyewe kabla Josia hajaja, nimwoneshe pistoni safi, niseme tumekosa sababu. Ningeweza kunyamaza tu. Jina langu limejengwa kwa miaka arobaini. La Amoni ni changa, litaota tena. Niliwaza hivyo kabisa, kwa maneno hayohayo. Ukichoka sana, uovu unakuja umevaa nguo za busara. Na nilichokiogopa hakikuwa Lamadi wala kazi. Nilichokiogopa ni kusikia mtu akiniambia, mzee, acha, wewe hufungi tena.

Ijumaa Josia akaja saa nne. Amoni alikuwa amezipanga pistoni mezani juu ya kitambaa safi, kutoka ya kwanza mpaka ya sita, zikiwa bado na ringi zake. Sikuwa nimezigusa. Josia akasimama mbele ya meza mikono kiunoni.

"Haya. Nimekuja. Kosa liko wapi?"

Nikafungua mdomo, na Amoni akaniwahi. Katika miaka minne hakuwahi kuongea kabla yangu mbele ya mteja. Alichukua pistoni, akamwonesha Josia herufi, akamweleza vizuri, kwa upole, kijingo, herufi, oili inavyopanda. Kisha akaweka pistoni chini.

"Ni mimi," akasema. "Nilizivisha mimi. Baba aliniachia siku ile, mimi nikageuza."

Aliyasema akitazama chini, upande wa viatu vyangu.

Nisidanganye, ilikuwa tamu. Nilisikia mabega yangu yanashuka. Josia alikuwa ameshaanza kumgeukia, mdomo umejaa maneno, na mimi nikasimama pale kama mtu aliyetuliwa gunia la pamba, nikaona ninavyoweza kuendelea miaka mingine miwili, mitatu, mpaka nife, nikiitwa fundi. Rhoda alikuwa ananitazama kutoka dukani. Josia akasema, "Kwa hiyo ni wewe. Mzee wa watu anahangaika na mgongo wake, kumbe ni wewe! Wewe si fundi, wewe ni muuaji wa magari." Amoni akaitikia, "Ndiyo."

Ile "ndiyo" ndiyo iliyonishinda.

"Huyu muongo," nikasema.

Josia akanigeukia. Kumwita mkwe wako muongo mbele ya watu, kwetu ni jambo la kulipia mbuzi. Nikalirudia.

"Mkwe wangu muongo. Ringi zote sita nilivisha mimi. Nilizivisha kijingo juu, kama za lori, kwa sababu herufi sikuiona. Sioni, Josia. Nina mtoto wa jicho. Silinda alizisugua huyu, na hazina kasoro hata moja, na mimi nilikudanganya Jumatatu kwa sababu lilikuwa jibu la karibu. Yeye alijaribu kunizuia, nikamfokea."

 Josia alitazama pistoni, akanitazama mimi, na nadhani kwa mara ya kwanza aliniona vizuri, jinsi ninavyogeuza kichwa pembeni ili nimpate mtu kwa jicho la kushoto. Nilitegemea atafoka. Angefoka ningeweza kujitetea.

"Pole, mzee," akasema, kwa sauti ya kuongea na mgonjwa. "Basi kaa. Afunge Amoni."

Akaenda kukaa dukani kwa Rhoda. Nami nikakaa kwenye tairi. Jua lilikuwa linawaka kwenye mabati, lori la pamba likapita barabarani likiacha nyuzi nyeupe hewani, na hakuna aliyeniomba nifanye chochote.

Amoni alinawa mikono kwa petroli, akaikausha. Akatoa ringi mpya za dukani kwa Rhoda kwenye karatasi zake. Akashika ringi ya pili ya pistoni ya kwanza, akaigeuza kwenye mwanga, halafu badala ya kuivisha akazunguka injini. Alikuja upande wangu. Akachuchumaa mbele yangu, karibu mpaka nikasikia pumzi yake, bila Rhoda, bila mtu, akanyoosha mkono wenye ringi.

"Baba," akasema, "naomba uniangalizie. Alama iko juu?"

Alikuwa anajua iko juu. Alikuwa ananipa njia ya kubaki. Nikaipokea, nikaiinua kwenye mwanga, nikaona duara linang'aa na ukungu pande zote, basi. Angesema mtu yeyote mwingine ningejibu ndiyo, iko juu, visha.

"Sioni, baba," nikamwambia. "Wewe unaona. Funga."

Akachukua ringi mkononi mwangu, akarudi kwenye injini, akafunga.